Sindano ya planing na askari wa mwili: woga umegeukia upande usio wake

"Munganga, hii sindano ya miezi tatu haimalizaka basoda ba mwili?"

Swali hilo, yaani kama sindano inamaliza askari wa mwili (kinga), halikosekani kwenye meza ya planing (uzazi wa mpango) hapa Bukavu, iwe Kadutu, Bagira au Panzi. Huulizwa kwa sauti ya chini, mkono wa blauzi ukiwa umekwisha kukunjwa. Muuguzi mwenye foleni ya wamama nje hujibu "hapana mama, ni maneno ya watu," anachoma, anaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. Jibu lake si baya. Ni fupi mno tu, na maneno ya sokoni hupenya kwenye ufupi huo.

Homoni hizi zinaigusa kinga ya mwili, tusifiche. Zinabadili namba fulani kwenye karatasi ya labo na zinabadili namna baadhi ya seli zinavyoitikia. Lakini kugusa si kuangusha. Na wakati sisi tunahofia kwamba sindano itaangusha kinga, hasara ya kweli inapita nyuma yetu: baadhi ya dawa tunazomeza kwa ajili ya magonjwa ndizo zinazoangusha planing. Huko tutafika, maana ndiko mimba zisizotarajiwa zinakotoka.

"Planing" limekuwa kapu moja la vitu visivyofanana, na ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kidonge cha kawaida kina homoni mbili: estrojeni (etinilestradioli, mara nyingi mikrogramu 30) na projestini (levonorgestreli, mikrogramu 150). Kidonge cha mama anayenyonyesha kina projestini peke yake, mikrogramu 30. Sindano ya msulini, ile ya miezi mitatu, ni DMPA, miligramu 150 katika mililita moja. Ile ya chini ya ngozi, yenye kifuko kidogo cha plastiki, ambayo mama anaweza kujichoma mwenyewe, ina miligramu 104 katika mililita 0.65. Implant ya Jadelle ni vijiti viwili vyenye miligramu 75 za levonorgestreli kila kimoja, kwa miaka 5; Implanon NXT ni kijiti kimoja chenye miligramu 68 za etonogestreli, kwa miaka 3. Sterile ya shaba (kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi) haina homoni hata chembe. Mtu akikuambia "planing ilinifanyia hivi," muulize kwanza ni ipi. Estrojeni imo katika kidonge cha kawaida peke yake kati ya hivyo vyote.

Kwa nini homoni ya uzazi iwe na neno kwa askari wa mwili? Kwa sababu seli za kinga zenyewe zina vipokezi vyake. Limfosaiti, makrofaji, na zile seli zinazomkamata mdudu na kumwonyesha kwa wenzake, zote zinasikia homoni zinapopita. Estrojeni ya kiasi cha kawaida huelekea kuchochea utengenezaji wa kingamwili. Projesteroni huelekea kutuliza, inapunguza makali ya seli zinazoshambulia. Utulizaji huo una kazi yake: nusu ya mtoto aliye tumboni imetoka kwa baba, kwa kinga ya mama ni mgeni, na mgeni huyo lazima avumiliwe miezi tisa.

Sasa angalia viwango. Katika nusu ya pili ya mzunguko wa mwezi, kwa mwanamke asiyetumia kitu chochote, projesteroni hufika nanogramu 10 hadi 20 kwa kila mililita ya damu. Mimba ikikaribia kutimia, hupita 100. Hakuna planing inayoipeleka kinga mbali hivyo. Malaria humwandama mjamzito kwa ukali zaidi, kwa kuwa kinga yake imebadilika na kwa kuwa kondo la nyuma humpa mdudu mahali pa kujificha. Ndiyo sababu CPN (kliniki ya wajawazito) inampa SP, dawa ya kukinga malaria, na chandarua. Anayekataa sindano kwa kuihofia kinga, halafu akashika mimba asiyoitaka, ameingia kwenye badiliko kubwa kuliko lile alilolikimbia.

Projestini pia hupandisha joto la mwili, sehemu tatu hadi tano za kumi za digrii. Mwanamke aliyezoea 36.5 anaweza kusoma 36.9 na kujisikia ana "homa ya ndani." Hiyo ni kweli, hajidanganyi. Themometa ikisoma 38.5 ni jambo jingine: hiyo haiandikwi planing. Hiyo inafanyiwa TDR (kipimo cha haraka) ya malaria siku hiyohiyo.

Labo nayo ina mtego wake. Chukua mfano huu wa kila siku: mama wa miaka 27, amechoka tu, anapimwa. CRP (protini ya ini inayopanda kukiwa na uvimbe au maambukizi) 8, VS (kasi ya chembe nyekundu kuzama) 25, globuli nyeupe (chembe nyeupe za damu) 6,200, TDR hasi. Mpaka wa CRP kwenye labo nyingi ni miligramu 5 au 6 kwa lita, kwa hiyo 8 inapigwa mstari mwekundu. Kama Widal, kipimo cha taifodi, nayo imeonyesha kitu (na Widal hapa kwetu huonyesha kitu kwa watu wengi sana wazima), mama anatoka na antibiotiki ya siprofloksasini ya siku kumi.

Swali ambalo halikuulizwa ni kama anameza kidonge. Kidonge kikimezwa, homoni inatoka tumboni na kupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini linalopokea etinilestradioli kila siku huongeza utengenezaji wa protini kadhaa, na CRP ni mojawapo. Kwa wanawake wazima wanaotumia kidonge cha homoni mbili, CRP huwa mara mbili hadi tatu ya wale wasiotumia, bila mdudu yeyote. Fibrinojeni nayo hupanda, na fibrinojeni ndiyo inayofanya chembe nyekundu zishikamane na kuzama haraka kwenye mrija, kwa hiyo VS inaweza kusogea juu kidogo. Interleukini-6, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoliamuru ini litoe CRP wakati wa uvimbe, haipandi nayo. Ini limeamshwa na homoni moja kwa moja, hakuna vita.

Cha kufanya: anayepeleka damu aandike "anatumia kidonge" kwenye karatasi ya ombi, juu kabisa, si pembeni. CRP ya 8 kwa mtu asiye na homa wala maumivu haitibiwi. Anaangaliwa, na ikibidi inarudiwa baada ya siku chache. CRP ya 60 au 100 ni habari nyingine, kidonge hakifiki huko, mdudu atafutwe. Globuli nyeupe hazitoki nje ya mipaka kwa sababu ya kidonge. Zikiwa 15,000, usikisingizie. Sindano na implant haziliamshi ini namna hii, hazina estrojeni na hazipiti njia ya tumbo. Na kwa kuwa ini linaongeza pia protini zinazobeba kotisoli na homoni za tezi ya shingo, kotisoli ya jumla na T4 ya jumla husoma juu kwa uongo. Omba T4 huru na TSH. Kotisoli ipimwe baada ya kuacha kidonge wiki 6, akiwa na kinga nyingine ya mimba mkononi.

Sindano ndiyo yenye kesi nzito zaidi, na hapa wale wamama wa sokoni hawakuota. Dawa iliyo ndani yake, medroksiprojesteroni, haishiki kipokezi cha projesteroni peke yake. Inashika pia kipokezi cha kotisoli, kilekile kinachotumiwa na prednisoloni na deksametazoni kutuliza kinga. Ukiipa deksametazoni alama 100 katika nguvu ya kushika kipokezi hicho, medroksiprojesteroni inapata karibu 29, etonogestreli ya Implanon karibu 14, levonorgestreli ya Jadelle na ya vidonge 1 tu. Katika labo, seli za kinga zilizowekewa medroksiprojesteroni ya kiwango kinacholingana na kile cha damu ya mtumiaji hutoa interferoni na sitokini (kemikali ambazo seli za kinga huamrishana nazo) kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo muuguzi anayesema "haigusi kabisa" anasema zaidi ya anachokijua.

Ila bakuli la labo si mtu. Kipimo cha 150 mg kinatoka polepole msulini kwa miezi mitatu, na kiwango chake katika damu huhesabiwa kwa nanogramu chache. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna daktari anayeandika sindano ya uzazi ili kutuliza pumu au maumivu ya viungo, na angeandika kama ingefaa.

Ukitaka kuona kinga ikiangushwa kweli, nenda kaunta ya famasi. Msichana aliyekataa sindano kwa kuogopa "kumaliza basoda" ananunua deksametazoni na siproheptadini ili anenepe, anameza wiki kwa wiki bila karatasi ya daktari. Hiyo ndiyo ile yenye alama 100, na kwa vipimo vikubwa. Kifua kikuu kilicholala kinaamka, sukari inapanda, uso unajaa, tezi zinazotengeneza kotisoli zinasinzia. Aliyekwisha kuitumia wiki nyingi asiikate ghafla. Aende kwa daktari apunguziwe hatua kwa hatua. Tunaikemea sindano, dexa tunaiita dawa ya urembo.

Kuhusu virusi vya ukimwi, yaani VIH, hofu ilikuwa na msingi wa kutosha hata ikafanyiwa utafiti mkubwa. Kwa miaka mingi takwimu zilionyesha kwamba wanaotumia DMPA huambukizwa kidogo zaidi, lakini haikujulikana kama ni dawa au ni maisha, maana aliye kwenye sindano huenda anatumia kondomu mara chache. Utafiti wa ECHO, ulioanza mwishoni mwa 2015, uligawa kwa bahati nasibu wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia katika makundi matatu: DMPA ya msulini, implant ya levonorgestreli na sterile ya shaba. Matokeo yalitoka Juni 2019. Waliambukizwa 397: 143 kwenye sindano, 138 kwenye shaba, 116 kwenye implant. Tofauti kati ya makundi haikuwa kubwa, na sindano na shaba, ambayo haina homoni, zilikaribiana kabisa. Agosti mwaka huohuo OMS (Shirika la Afya Duniani) iliirudisha DMPA katika kundi la 1, yaani itumike bila kizuizi, hata kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya VIH. Tangu 2017 ilikuwa kundi la 2, yaani kwa kawaida inafaa, faida zikizidi hatari.

Lakini soma tena ile 397. Wanawake walioelimishwa, waliopewa kondomu, waliofuatwa hadi mwaka mmoja na nusu, na bado karibu 4 kati ya 100 kwa mwaka wakaambukizwa. Hakuna hata njia moja kati ya hizo tatu iliyokuwa ngao. Anayechomwa sindano leo aondoke na kondomu mkobani, na mume apimwe.

Uke una kinga yake ya pekee. Estrojeni huufanya ukuta wa uke uwe na matabaka mengi yenye sukari ya glikojeni. Bakteria wema wa laktobasili huishi kwa sukari hiyo na kutoa asidi inayoshusha pH chini ya 4.5, na wadudu wengi hawapendi mahali hapo. Watumiaji wa homoni, kwa ujumla, hupata kidogo kuliko wengine ule ute mwembamba wenye harufu ya samaki. Kwenye sindano, ovari hutoa estrojeni kidogo, na baadhi ya wanawake huhisi ukavu. Kilainishi chenye asili ya maji hutosha. Kinachobomoa ulinzi huo moja kwa moja ni kujiosha ndani kwa sabuni, shabu au majani ili "kukaza." Laktobasili hawasalimiki humo.

Ajabu yenyewe ni kwamba njia inayoishughulisha kinga kuliko zote haina homoni. Sterile ya TCu380A ina milimita za mraba 380 za shaba, na shaba hiyo huita seli nyeupe ndani ya mfuko wa uzazi, wakati wote, bila mdudu. Uvimbe huo mdogo, pamoja na shaba yenyewe, ndio unaoharibu mbegu za mume. Umefungwa hapohapo, damu ya mama haipungukiwi chochote. Kipindi cha kuangalia ni siku 20 za mwanzo baada ya kuwekwa, hasa kama kulikuwa na kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa: maumivu ya tumbo la chini, homa, uchafu wenye harufu. Akiyaona hayo arudi siku hiyohiyo.

Implant nayo inaonyesha kinga ikifanya kazi mbele ya macho. Mwili ukishindwa kukila kijiti, unakivika. Katika wiki na miezi ya mwanzo seli hutengeneza ganda jembamba la nyuzinyuzi kukizunguka, na homoni hupenya ganda hilo bila shida. Ndiyo maana siku ya kutoa, fundi mwenye mkono mzuri hukisukuma kijiti mpaka ncha ionekane kama kokwa nyeupe chini ya ngozi, anachana ganda kwa ncha ya kisu, na kijiti kinateleza nje chenyewe kikiwa safi, kama mbegu ya ndimu. Akikivuta bila kuchana ganda, kinakatika au kinang'ang'ania.

Mahali pake ni upande wa ndani wa mkono usioandikia, sentimita 8 hadi 10 juu ya kifupa cha ndani cha kiwiko, chini tu ya ngozi. Kikiwekwa ndani sana, ganda linakificha msulini na kutoa kunakuwa kazi ya daktari wa upasuaji, kwa hiyo kabla ya kuondoka mama na muuguzi wote wakipapase. Bandeji ya kubana ikae saa 24, plasta ndogo siku 3 hadi 5, maji yasiingie. Buluu ya michubuko wiki moja ni kawaida. Wekundu unaoenea, moto, usaha, homa: hayo ni maambukizi. Na hapa kosa la kawaida ni kung'oa kijiti mara moja. Kwanza pasafishwe kwa sabuni na maji au dawa ya kuua wadudu, apewe antibiotiki ya kumeza siku 7 hadi 10, arudi kuangaliwa akizimaliza. Isipopona ndipo kitolewe. Kukiwa na jipu, lifunguliwe na kukamuliwa kwanza.

Kwa wanaojichoma sindano ya chini ya ngozi, maambukizi ni nadra kama mikono imeoshwa na kifaa ni kipya. Kinachoharibika zaidi ni kitu kingine: kuamsha kifaa. Tikisa kwa nguvu sekunde 30, shika kizibo na shingo uvisukume pamoja mpaka nafasi kati yao ifungike kabisa. Nafasi isipofungika, dawa haitoki. Bana ngozi ya tumbo au paja, ingiza sindano yote ikielekea chini, kamua kifuko polepole sekunde 5 hadi 7, toa, usisugue. Kishimo kidogo kinachobaki kwenye ngozi ya baadhi ya watu ni mafuta ya hapo yaliyopungua, hakina usaha wala mdudu. Kifaa kihifadhiwe kati ya digrii 15 na 30. Juu ya mabati ya jikoni si mahali pake.

Kuna wanawake ambao kinga yao inaushambulia mwili wenyewe, na kwao uchaguzi unahitaji akili zaidi. Lupus ndiyo mfano mkubwa. Zamani kila mgonjwa wa lupus alinyimwa estrojeni. Mwaka 2005 utafiti wa Marekani uitwao SELENA, wa wanawake 183 ambao lupus yao ilikuwa imetulia, uliwapa nusu kidonge cha homoni mbili na nusu kidonge kitupu, na milipuko mikali ikawa sawa pande zote mbili. Lakini waliokuwa na kingamwili za antifosfolipidi hawakuingizwa, kwa sababu hizo zinagandisha damu, na estrojeni inaongeza kuganda juu ya kuganda. Kwa OMS, mgonjwa wa lupus mwenye kingamwili hizo, au ambaye hajapimwa, yuko kundi la 4 kwa kidonge cha homoni mbili: hapewi. Tilia maanani lile neno "hajapimwa," maana hapa kwetu ndilo linalowahusu wengi. Kwake sterile ya shaba ni kundi la 1. Na anayetumia metotreksati kwa viungo asikae hata mwezi mmoja bila kinga ya uhakika, dawa hiyo inaharibu mtoto tumboni.

Wenye SS (selimundu) wamezoea kukatazwa kila kitu, na wengu wao uliochakaa unawaacha wazi kwa maambukizi kweli. Sindano na implant kwao ni kundi la 1. Sindano ya DMPA hata imeonekana kupunguza mashambulio ya maumivu.

Chanjo pia huulizwa sana, hasa tangu mpox ya aina mpya ijulikane Kamituga mwaka 2023 na chanjo ya MVA-BN ianze kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Planing si sababu ya kukataa chanjo wala ya kuiahirisha. Chanjo na sindano ya planing zikigongana siku moja, zichomwe mikono tofauti, ili pakivimba ijulikane ni kipi kimevimbisha. Kwa chanjo ya Ebola ya Ervebo mambo yamegeuka kabisa: anayechanjwa anashauriwa asishike mimba miezi 2 inayofuata, kwa hiyo planing ndiyo inayotakiwa.

Tufike basi kwenye zile dawa.

Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, ndiyo adui mkuu. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya rifampisini na izoniazidi. Rifampisini inaliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja homoni kwa kasi, na kidonge cha asubuhi kinakuwa kimekwisha kabla hakijafanya kazi yake. Vidonge vya aina zote mbili viko kundi la 3: visitegemewe. Kuongeza kidonge cha pili hakutoshi. Implant iko kundi la 2, na anayekuwa nayo aongeze kondomu. Sindano ya DMPA haiguswi, inabaki kila miezi mitatu kama kawaida, na ndiyo ninayoiona ya kwanza kwa mgonjwa wa TB asiyetaka sterile. Ile ile sindano inayosemwa vibaya! Rifapentini ya kuzuia TB, inayomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, ina tabia ileile ya dada yake.

Efavirenzi, dawa ya VIH ya zamani kidogo, hupunguza levonorgestreli ya implant kwa karibu nusu. Kampala, kati ya wanawake 20 waliokuwa na Jadelle huku wakimeza efavirenzi, 3 walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Walio kwenye TLD, kidonge cha VIH chenye dolutegraviri, hawana tatizo hilo. Lakini kuna wanaohamishwa dawa bila mtu kukumbuka implant, na kuna walio bado na efavirenzi. Uliza jina la dawa, usiulize rangi ya chupa. Fenobarbitali, karbamazepini na fenitoini za kifafa nazo huvunja homoni za vidonge na za implant, sindano inazivumilia.

Amoksilini, doksisiklini, metronidazoli, kotrimoksazoli, siprofloksasini: hakuna kati ya hizo inayoua planing, licha ya yale yanayosemwa. Kinachoua ni kutapika. Kidonge kikitapikwa ndani ya saa mbili, meza kingine. Kuhara kukali kunakopita siku mbili, kama kipindupindu cha pembezoni mwa ziwa, kuhesabiwe kama vidonge vilivyosahauliwa, na kondomu itumike mpaka vidonge vimezwe siku 7 mfululizo tumbo likiwa limetulia.

Na mwenye TB asirudi kutegemea vidonge siku anayofunga pakiti ya mwisho. Ini halitulii siku hiyo. Linaendelea kuvunja homoni kwa takriban wiki 4. Andika kwenye kadi ya planing tarehe ya rifampisini ya mwisho, ongeza siku 28. Aliyemeza ya mwisho tarehe 3 Machi anahesabu mpaka tarehe 31 Machi, akiwa amekwisha kuanza vidonge vyake angalau wiki moja kabla, na kondomu haitoki mkobani mpaka siku hiyo ipite.